Aliyetajwa Naye ni Mtunzi

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Makala haya nilitaka kuyaandika kwa hasira. Nilitaka kumwonyesha mtu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, kwamba wimbo tulioutunga pamoja ni wangu mimi na si wake. Nikasema nitaingia kwenye historia, nitatafuta ushahidi, kisha nitamwekea mezani asome mwenyewe, anyamaze. Bahati mbaya, au niseme bahati nzuri, historia haikunipa nilichokifuata.

Kisa chenyewe ni hiki. Sisi ni vijana wa Musoma. Mwenzangu anapiga gitaa, mimi naandika. Yeye anakaa Nyasho, mimi nakaa karibu na Mwigobero, pale mwaloni, mahali ambapo asubuhi huwezi kupita bila kuondoka na harufu ya dagaa kwenye nguo. Mwaka jana nilimpelekea mashairi yanayomhusu baba yangu. Mzee alikuwa mvuvi. Mimi nikiwa darasa la pili, alivuka kwenda upande wa Kenya kutafuta maisha, na mpaka leo hajarudi. Nikaandika yote: mama alivyofungasha tukahamia kwao Bunda, alivyokuwa akiuza maandazi stendi, mimi nilivyokuwa nikiwadanganya wenzangu shuleni kwamba baba yuko safarini, atakuja na baiskeli. Ubeti wa mwisho nilimhukumu. Nilimwita mtoro, basi, nikafunga daftari.

Mwenzangu akakaa na ile karatasi wiki nzima. Aliporudi alikuwa ameupa wimbo sauti tamu, si mchezo, lakini ubeti wa mwisho ameubadilisha. Kwenye wimbo wake mtoto hahukumu tena. Anauliza. Anamuuliza baba kama nauli ya kurudi haikupatikana, au ni aibu tu ndiyo iliyomshika njiani. Nikamwambia, "Bwana wee, hayo si maisha yangu." Akanijibu, "Na mimi nina baba."

Tukauimba mbele ya watu. Kelele zilipigwa kwenye ubeti uleule, ule wake. Mtu mmoja akaurekodi kwa simu, ukasafiri wenyewe kama nyimbo zinavyosafiri siku hizi, ukafika Bunda, ukafika kwa mama. Mama hakunipigia simu siku tatu. Na mwenzangu alipokwenda studio, pale pa kuandika mtunzi likaandikwa jina moja tu, la kwake. Ndipo tulipogombana.

Haya, sasa tuingie kwenye historia.

Nilianza na mtu ambaye kila kijana wa Mara anayeshika gitaa anapaswa kumjua. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, sehemu ambayo sasa iko wilaya ya Rorya, hatua chache tu kutoka mpaka wa Kenya. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji, lakini nyumba ilikuwa ya dini sana, na muziki wa dansi haukuwa na nafasi humo. Gitaa lake la kwanza liliharibiwa na baba yake mwenyewe. Miaka ya 1960 kijana akavuka mpaka akaenda Kenya, na huko ndiko alikopata jina. Alikuwa mmoja wa waliousimamisha muziki wa benga ukasimama kweli, na wengi wanamwita babu wa benga. Kule Kenya walimwita Mfalme wa Historia.

Sasa angalia jambo hili. Mtu kavunjiwa gitaa nyumbani, kaondoka, kaishi na kufanya kazi yake yote ng'ambo ya mpaka. Bendi yake akaiitaje? Shirati Jazz. Kila santuri iliyouzwa, kila tangazo la dansi lililobandikwa ukutani Kisumu au Nairobi, lilitaja kijiji cha kwao. Mimi nilipolifikiria hili niliacha kuandika kwa muda. Nilikuwa nikidhani maisha ya mwanamuziki yanatafutwa ndani ya beti tu, pale anaposema "mimi nimezaliwa" na "mimi nimeteseka". Kumbe hata jina la bendi linaweza kuwa barua kwa baba.

Misiani aliimba zaidi kwa Kijaluo, na mara nyingine kwa Kiswahili. Aliimba habari za watu, za vifo, za mapenzi, na aliimba siasa kwa mafumbo na hadithi. Mafumbo hayo hayakumficha sana, maana alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo. Alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Hakuwa mtu wa kujifungia chumbani na kulia peke yake. Maisha yake yalikuwa yamejaa watu, na nyimbo zake zilijaa majina.

Majina hayo ndiyo yaliyonivuta. Ukisikiliza benga ya zamani utasikia mwimbaji anataja watu: fulani wa mahali fulani, rafiki yangu, mtoto wa fulani, aliyenipokea, aliyeninunulia nyuzi. Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni salamu tu za kujaza nafasi. Si kweli. Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko gitaa.

Kabla ya gitaa, Wajaluo walikuwa na nyatiti, kinanda cha nyuzi nane. Mpigaji anakaa chini, mguuni amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye kinanda ili kuweka mapigo. Mafundi wa benga walichukua mwendo wa nyuzi hizo wakauhamishia kwenye gitaa la umeme. Lakini pamoja na mwendo wa nyuzi walihamisha na desturi moja iitwayo pakruok. Muziki ukiwa umekolea, mtu yeyote kwenye hadhira anaweza kutoa fedha na kumsimamisha mpigaji. Muziki unanyamaza. Aliyelipa anasimama, anajisifu, anamsifu rafiki yake, mpenzi wake, kijiji chake, kwa maneno yake mwenyewe, na kadiri anavyojua kusema ndivyo watu wanavyocheka na kushangilia. Kisha mpigaji anaendelea, na yale yaliyosemwa yanaweza kuingia kwenye wimbo.

Nikajiuliza, katika wimbo wa namna hiyo mtunzi ni nani? Aliyeshika nyuzi, au aliyetoa fedha na maneno?

Swali hilo nikalipeleka Butiama. Nina babu huko, kwa upande wa ukoo, Mkurya aliyetoka Tarime akahamia kwa wakweze miaka mingi iliyopita. Wakurya nao wana kinanda chao cha nyuzi nane, litungu, kikubwa na chenye sauti nzito kiasi kwamba ukikaa karibu unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Babu alikuwa akipiga kwenye harusi na kwenye pombe za wazee. Siku hizi vidole vimekakamaa, kinanda kimening'inia ukutani.

Nilishuka Makutano, nikachukua bodaboda. Nikapita karibu na kaburi la Mwalimu. Nikakumbuka kwamba hata mzee yule, pamoja na ukubwa wake, alijua kazi ya maneno ni ya kushirikiana na kurekebishana. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena akiwa ameisahihisha, sasa ikiitwa Juliasi Kaizari. Hakuona aibu kubadili mstari wake mwenyewe. Na kitabu kile kina majina mawili, la Shakespeare na la Nyerere, wala hakuna anayeuliza ni cha nani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na njaa au na maneno?"

"Na maneno, babu."

"Basi kula kwanza."

Baada ya kula nikamweleza kisa chote. Alinisikiliza huku anachokonoa meno. Nikamuuliza: wimbo ukitungwa na watu wawili, unakuwa wa nani?

Akasema: "Hapo ulipokaa, ukinipa shilingi nikutaje, nitakutaja. Lakini nitakutaja na nini? Ni lazima unipe habari zako. Ng'ombe wako wangapi, umeoa wapi, nani alikudhulumu. Ukishanipa habari, mimi natia sauti. Watu wakiitikia, wanaongeza yao. Sasa hapo nani katunga?"

"Wote, babu."

"Wote. Ila mmoja anabeba lawama. Yule aliyeshika kinanda. Wimbo ukimuudhi mtu, atakuja kwangu." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Huyo mama yako, mliyemtaja, mlimuuliza?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu.

Nilirudi Musoma na swali hilo kichwani, nikaendelea kusoma na kuuliza, sasa nikitaka kujua: kama zamani wimbo ulikuwa wa wote, jina moja lilianza lini?

Jibu mojawapo ni santuri. Santuri ndogo ya muziki wa kwetu ilikuwa na dakika chache kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Hakuna mtu wa kusimama katikati akatoa fedha na kujisifu dakika kumi. Na katikati ya santuri pale pana kikaratasi cha duara, kidogo tu: jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la bendi. Watu ishirini waliochangia maneno hawaenei. Hivyo yule aliyeshika nyuzi, ambaye zamani alikuwa anabeba lawama, sasa akaanza kubeba na sifa peke yake. Waimbaji wa benga walijitahidi kurudisha watu wao kwa kuwataja ndani ya wimbo, maana kwenye karatasi hawakuwa na nafasi.

Santuri ilifanya na jambo jingine. Ilitenganisha maneno na nyuzi. Benga ilisafiri hadi Zimbabwe, na huko muziki uitwao sungura ulipata jina lake kutoka kwenye chapa ya santuri zilizotoka Kenya. Watu wa Harare walicheza bila kujua neno moja la Kijaluo. Gitaa likavuka mipaka. Maneno, pamoja na majina ya akina fulani wa Shirati, yalibaki na wenyewe.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya uhuru bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya mashirika, vyama na jumuiya, na vyombo havikuwa vya wapigaji. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mikoani nako kila mji ulitaka bendi yake, na hapa Musoma tulikuwa na Mara Jazz na mtindo wao wa Sensera, ambao wazee wa hapa mjini ukiwatajia tu wanaanza kutikisa mabega. Kwenye bendi za namna hiyo mtunzi alikuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimbia. Mpiga solo akatafuta njia yake, wa rithimu yake, wa besi yake, wapuliza tarumbeta wakajibu. Wimbo ukitoka ulijulikana kwa bendi. Mtunzi akihama, na walihama sana, wimbo ulibaki nyuma na vyombo.

Tena kulikuwa na mkono mwingine. Kwa miaka mingi hapakuwa na pengine pa kurekodi kwa uhakika zaidi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kabla ya kurekodi mashairi yalipitiwa na kamati. Mstari usiofaa ulirudishwa. Kwa hiyo hata zile nyimbo za zamani tunazozililia leo, nyingine zina mstari au mawili ambayo aliyeyasukuma si mwanamuziki, ni mtu aliyekaa ofisini na kalamu. Naye tumwiteje?

Hapa najua kijana mwenzangu utanikatiza. Utasema: sawa, lakini wimbo wa maisha yangu ni tofauti. Nikisema "mimi", ni mimi. Hata kamati ije, maisha ni yangu.

Nilisema hivyo hivyo. Lakini "mimi" ya wimbo ni mtu mgumu. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa Ndio Mzee. Humo anaongea kama mgombea anayeahidi kila kitu, na watu wanaitikia tu. Hiyo "mimi" haikuwa yeye, ilikuwa ni mwanasiasa tuliyemjua sote. Halafu angalia maisha yanavyocheza: mwaka 2015 Joseph Haule huyo huyo akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. "Mimi" ya kuazima ikamfuata mlangoni. Kama "mimi" ya uongo inaweza kugeuka kuwa ya kweli, je, ile tunayoidhani ya kweli haiwezi kuwa na uongo ndani?

Sheria nayo niliitazama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja, na wote wana haki ndani yake. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya studio nilikuwa na haki ya jina langu kuwepo. Hilo silirudishi nyuma, na mwenzangu nimeshamwambia. Lakini sheria inamjua aliyeandika na aliyetia sauti. Aliyeishi maneno hayo, aliyeuza maandazi, sheria haimjui.

Basi nikapanda gari kwenda Bunda.

Mama nilimkuta uani anapepeta mahindi. Sikuzunguka. Nikamwomba msamaha kwa kumwimba bila kumuuliza. Nikatarajia ataniambia yule kijana mwenzako katuaibisha na maneno yake ya nauli. Mama akaweka ungo chini.

"Kilichoniuma ni maandazi," akasema.

"Maandazi, mama?"

"Umeyaimba kama vile nilikuwa ombaomba pale stendi. Maandazi yale ndiyo yaliyokununulia madaftari. Nilikuwa na wateja wangu. Makondakta walikuwa wananisubiri mimi. Nilikuwa nafanya biashara, mwanangu, wewe umeimba machozi."

Nikanyamaza. Mstari ule ulikuwa wangu, wa mkono wangu, mwenzangu hakuugusa.

"Na ule wa mwisho?" nikauliza. "Wa nauli?"

Mama alichukua ungo wake tena, akapepeta kidogo kabla ya kujibu. "Huo ni kweli. Baba yako alituma salamu mara moja, kwa mvuvi mmoja. Alisema nyavu zimekamatwa, hana cha kurudi nacho. Sikukwambia. Ulikuwa mdogo. Baadaye ukawa mkubwa, nikaona ya nini."

Yaani mstari nilioukataa kwa sababu si maisha yangu ndio uliokuwa na ukweli, na uliandikwa na mtu ambaye hakuujua. Aliuchukua kwa baba yake mwingine, kwenye mwalo mwingine, maana ziwa ni moja na wanaume wanaozama bila maji ni wengi. Na mstari nilioutoa kwenye kumbukumbu yangu, niliouamini kabisa, ndio uliomwonea mama.

Hapo ndipo nilipomwelewa babu wa Butiama. Kumbe ile desturi ya mpigaji kupewa habari kwanza na mwenye jina haikuwa biashara tu. Ilikuwa njia ya kuusahihisha wimbo kabla haujatoka. Anayetajwa yupo, amekaa mbele yako, ana haki ya kukusimamisha katikati na kusema: si hivyo, nitaje hivi. Sisi wa daftari na simu tumemwondoa. Tunaandika peke yetu usiku, tunasema "haya ni maisha yangu", tunasahau kwamba kwenye maisha yangu wamo mama, baba, na makondakta wa stendi ya Bunda.

Mwenzangu nimepatana naye. Tumekaa tena Nyasho, tumerekebisha ubeti wa maandazi. Sasa mama hasimami stendi kwa huruma ya mtu, anahesabu chenji. Ubeti wa nauli hatukuugusa. Karatasi ya studio imeandikwa upya, ina majina yetu mawili. La mama limo ndani ya wimbo, kwa namna aliyoitaka mwenyewe.

Nawe kijana unayetaka kuandika, iwe wimbo, iwe hadithi, sikukatazi kuandika maisha yako. Andika. Ila kabla ya kutia "mimi", hesabu wako wangapi humo ndani, na anayefikika mfikie. Na ukitunga na mwenzako, majina yaandikwe siku hiyohiyo, kabla watu hawajapiga makofi. Baada ya makofi kila mtu anasikia jina lake tu.

Mama nilimsimulia habari za pakruok na za litungu la babu. Alicheka sana. Nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka barabarani, akafungua fundo la khanga, akanishikisha noti ya elfu mbili.

"Ya nauli, mama?"

"Hapana," akasema. "Ya kutajwa."